Seti ya visu vya jikoni: chagua visu, usichague kisanduku

Kabla hujatoa hela kwa ile seti ya vipande 15 yenye kisanduku cha mbao, hebu ifungue uhesabu. Mara nyingi utakuta visu 6 vya stiki, yaani vya kukatia pande la nyama mezani, mkasi, kile chuma kirefu cha kunyooshea makali, halafu kisanduku chenyewe nacho wamekihesabu kama kipande. Hapo 9 vimeshaenda. Vinabaki 6 vya kupikia na ukiviangalia vizuri kuna viwili vitatu vinafanana, tofauti yake ni sentimita kidogo tu. Mi nasema hivi, seti unainunua kwa ajili ya visu vitatu: kile kikubwa cha kukatakata, kile kidogo cha kumenyea na kile chenye meno. Hivyo vikiwa vizuri basi vingine vyote ni nyongeza, vikiwa vibaya hata wakupe 20 bado huna kisu. Na hiyo stiki tunakula lini jamani, nyama yetu ni ya mchuzi ama ya kuchoma na mkono upo.

1. Anza na chakula unachopika

Seti nyingi zinazofika huku zimebuniwa kwa mtu anayesimama mbele ya kaunta, ubao uko chini, kila kitu anakatia hapo. Sasa wewe unamenya matooke umekaa kwenye mkeka ama kigoda, ndizi mkono mmoja kisu mkono mwingine, viazi navyo hivyo hivyo, na kuna kina mama wanakatia nakati na sukuma mkononi juu ya sufuria, ubao hawautaki kabisa na mboga inatoka nyembamba ajabu. Kwa mtindo huo kisu kidogo ndo kinafanya kazi kubwa, ndo utakachoshika kila siku, lakini kwenye seti nyingi ndo kilichotengenezwa kwa uzembe kuliko vyote, bapa linapinda, mpini mwembamba, mkono ukilowa kidogo kinateleza.

Kwa hiyo kisu cha kumenyea kikague kuliko hata hicho kikubwa. Bapa liwe sentimita 8 mpaka 10, gumu, lisinese ukilisukuma kwa kidole. Pitisha kidole gumba kwenye mgongo wake, kama una kona kali achana nacho maana ukimenya mkungu mzima kidole kinashinda palepale na jioni utakuwa na lengelenge. Angalia pia ile kona ya nyuma ya makali karibu na mpini, kwenye vingine imetokeza na inakuchoma kidole cha shahada kila unapozungusha ndizi.

Muhogo una mambo yake. Unachanja ganda kwa urefu, unaingiza kisu chini ya ganda halafu unalinyanyua, na hapo unakuwa unakipinda kisu pembeni, kitu ambacho waliokitengeneza hawakukifikiria. Kisu cha chuma kigumu sana kinamegeka makali kwenye kazi hiyo. Kumbuka hili, nitalirudia kwenye chuma.

Samaki: ukinunua ngege ama sangara pale Ggaba, Kampala, wanakuparulia magamba na kukutolea matumbo hapohapo, so kile kisu chembamba kinachonesa cha kutolea minofu usikilipie kama hutakitumia. Nyama yenye mfupa mwachie mtu wa bucha, yeye ana panga na gogo, mwambie saizi ya vipande unavyotaka umalizie nyumbani kukata minofu tu. Hakuna kisu cha mpishi kwenye seti yoyote kilichotengenezwa kupasua mfupa wa ng'ombe, hata muuzaji akuapie.

Cha meno watu wanakidharau wakisema ni cha mkate. Ni cha mkate ndio, lakini kwenye nanasi kubwa la Kayunga hakuna kinachokishinda, kwenye nyanya iliyoiva sana pia, kinaingia kwenye ganda bila kubonyeza. Chukua kirefu, sentimita 20 kuendelea, kifupi kinakulazimisha usagesage kama msumeno.

2. Ujue chuma, hata kidogo

Hapa ndo penye utapeli mwingi kwa hiyo tukae kidogo.

Neno stenlesi kwenye bapa linakuambia jambo moja tu, kwamba chuma kina kromiamu ya kutosha, kuanzia kama asilimia 10.5, na hiyo ndo inazuia kutu. Kuhusu makali halijakuambia kitu. Kijiko cha supu nacho ni stenlesi. Makali yanatoka kwenye kaboni iliyomo na jinsi kiwanda kilivyokichoma chuma na kukipoza, na ugumu unaotokea unapimwa kwa kipimo cha Rockwell, utaona kwenye maboksi ya visu vinavyojielewa wameandika HRC na namba, namba ikipanda chuma ni kigumu zaidi. Visu vya Kijerumani vya kawaida viko kama 56 mpaka 58. Vingi vya Kijapani vinaanzia 60 kwenda juu, na makali yake yamechongwa membamba, kama digrii 15 kila upande, wakati vya Ulaya viko karibu na 20.

Kila mtu mtandaoni atakusifia vya Kijapani na kweli vinakata raha, kitunguu kinafunguka chenyewe. Lakini chuma kigumu ndo kinachomegeka. Ukikipeleka kwenye muhogo, boga, fenesi, ama kuku ametoka friza bado jiwe, utakuta vijino vimetoka kwenye makali, na kuvisawazisha ni kazi ya siku. Kwa jiko la hapa Uganda, jiko ambalo pia dada wa kazi, shangazi na watoto wote wanachukua kisu hichohicho, mi ningechukua cha 56 ama 58 bila kufikiri mara mbili. Kinaisha makali mapema zaidi, sawa, lakini unakirudisha kwa dakika chache na hakivunjiki mtu akikitumia vibaya.

Ukiona alama za herufi na namba kwenye bapa zisome. X50CrMoV15 ni chuma kinachotumika sana Ujerumani, kaboni karibu asilimia 0.5 na kromiamu karibu 15. 5Cr15MoV ni cha Kichina na kinakaribiana nacho sana, kwa hiyo usikimbie kisu kwa sababu ni cha China, kimbia kisu kisichosema ni chuma gani. 3Cr13 na 420 ni laini zaidi, vinanoleka upesi na kuisha upesi, kwa kisu cha kumenyea cha bei ndogo si vibaya, kwa kisu kikubwa utachoka.

Sasa hii ya sumaku. Watu wamezoea kupima sufuria kwa sumaku, ikinasa wanasema feki. Kwenye kisu ni kinyume kabisa. Chuma cha stenlesi kinachoweza kukazwa mpaka kishike makali kinanasa sumaku, na kile kisichonasa kwa kawaida ni cha kutengenezea sinki na vijiko, hakikaziki. Kwa hiyo ukija na kasumaku kako dukani, bapa lisiponasa ndo uweke chini.

Vile visu vya mistari ya mawimbi wanaviita Damaskasi. Vya kweli vipo, ni tabaka za chuma zimefuliwa pamoja, lakini vya bei chee mchoro umechapwa juu tu. Angalia mgongo wa kisu, mistari ya kweli inaendelea mpaka huko. Halafu hata ikiwa ya kweli ni urembo zaidi, kinachokata ni chuma cha katikati.

Visu vya rangirangi vimepakwa tu, rangi itabanduka. Vya kauri, vile vyeupe, vinakaa na makali muda mrefu na havishiki kutu maisha, ila kikianguka kwenye sakafu ya saruji umekiaga, na kinoo cha kawaida hakikiwezi. Na vile vinavyotangazwa kwamba havihitaji kunolewa milele, chungulia makali, utaona vimeno vidogovidogo kisu kizima. Vinachana badala ya kukata na vikiisha havina dawa.

Tusisahau vya fundi wetu. Katwe hapa Kampala kuna mafundi wanaofua visu na mapanga kutoka vyuma vya springi za magari, na chuma cha springi kina kaboni nzuri, kikichomwa vizuri kinashika makali kuliko seti nyingi za supamaketi. Tabu yake ni kutu, ukikiacha na maji usiku mmoja asubuhi kina madoa, na matooke nayo. Utomvu wa ndizi una tanini, tanini ikikutana na chuma kisicho stenlesi inatoa weusi, kisu kinakuwa cheusi na ndizi inapata madoa. Hakidhuru mtu, ila ukimwandalia mkwe si vizuri. Fundi bora kwa kukatia nyama, stenlesi kwa kumenyea.

3. Dukani, shika na uangalie

Usinunue kisu kilichofungwa kwenye plastiki ngumu bila kukigusa. Mwambie muuzaji kwa upole, ssebo (yaani bwana) nifungulie nione, akikataa kuna duka la pili. Kwenye maduka ya jumla ya Kikuubo hawapendi sana kufungua kwa mtu wa rejareja, masoko ya Owino na Nakasero wanakubali ukionekana mnunuzi kweli, supamaketi inategemea umemkuta nani.

Kishike kama unataka kukata, kidole gumba na cha shahada vikibana bapa pale mbele ya mpini, vingine vitatu vikumbatie mpini. Kisikuvute kwenda mbele wala nyuma. Shusha kwenye meza, kama vidole vyako vinagonga meza kabla makali hayajagusa basi bapa ni jembamba kwa mkono wako na kila kitunguu utakuwa unagonga mifupa. Kikubwa cha sentimita 20 kinawatosha watu wengi, wenye mikono midogo ama meza ndogo 18 inatosha, 25 waachie wapishi wa hoteli.

Inua makali usawa wa jicho kuelekea dirishani. Ukiona mahali panang'aa kwenye ukingo wenyewe pale ni butu ama pamemegeka, makali mazuri hayaakisi mwanga. Angalia kama bapa limenyooka toka mpini mpaka ncha. Halafu chukua kalamu ya plastiki, weka makali juu yake taratibu bila kukandamiza kwa mshazari, kikishika ni kikali, kikiteleza ni butu. Usijaribie kwenye kidole tafadhali.

Mpini sasa. Chuma cha bapa kinaingia ndani ya mpini, hiyo sehemu ndo msuka. Kwenye visu vya kuaminika unauona msuka umepita mpaka mwisho, umebanwa na ribiti mbili ama tatu, na hakuna nafasi kati ya chuma na mbao, kucha isiingie. Nafasi hiyo ndo inakusanya maji na mabaki ya nyama, mbao inavimba, baada ya muda mpini unacheza. Mpini wa plastiki uliomiminwa moja kwa moja juu ya chuma nao ni mzuri tu, tena ni rahisi kusafisha, wenye bucha duniani kote wanatumia hivyo. Wa kuogopa ni ule mwepesi mtupu ndani, ukigonga unasikia uwazi, msuka wake ni kamsumari kafupi kamegundishwa.

Mwenye kutumia mkono wa kushoto: angalia kisu cha meno, mengi yamechongwa upande mmoja kwa ajili ya mkono wa kulia na yatakupindishia mkate. Tafuta chenye meno yaliyochongwa pande zote mbili.

4. Majina na feki

Kuna majina ya kuaminika. Victorinox ya Uswisi imekuwepo tangu 1884, na visu vyake vya jikoni vya mpini wa plastiki ndo ningemshauri mtu anayeanza. Zwilling ya tangu 1731 na Wüsthof ya 1814 zote ni za Solingen Ujerumani, nzuri, bei yake ujiandae. Tramontina ya Brazil ilianza 1911, hiyo ni ya katikati na mtu wa kawaida anaimudu.

Shida ni kwamba majina haya yanaandikwa na yeyote mwenye mashine ya kuchapa. Jina Solingen kisheria huko Ujerumani linalindwa, haliruhusiwi kuwekwa kwenye kisu ambacho hakikutengenezwa eneo lile, lakini sheria ya Ujerumani haifiki kwenye kibanda cha barabarani. Ukiona Solingen kubwa mbele halafu nyuma ya boksi kwa herufi ndogo nchi nyingine, umejibiwa. "Chuma cha Kijerumani" pia si sawa na kutengenezwa Ujerumani, chuma kinaweza kusafirishwa. Angalia maandishi, ya feki mara nyingi yanafutika ukisugua na kidole chenye mafuta, na spelingi imekosewa kaherufi kamoja. Bei ikiwa ya kushangaza sana basi ushangae kweli.

5. Gawa hela yako

Tuseme una shilingi 100,000. Ukinunua seti ya vipande 12 kwa hiyo hela kila kipande ni kama 8,300, na hapo kisanduku, boksi la rangi na faida ya muuzaji vyote vimo. Kisu cha namna hiyo kitakuwaje? Afadhali nusu yake au zaidi iende kwenye kisu kikubwa kimoja, nyingine kwenye cha kumenyea kizuri, cha meno kinaweza kuwa cha bei ya chini maana meno yanavumilia chuma cha kawaida. Na utenge ya kinoo. Usipotenga ya kinoo utarudi dukani kununua seti nyingine kumbe ile ya kwanza ilikuwa imeisha makali tu.

Seti inakuwa na maana pale ambapo ina visu vitatu mpaka vitano, vyote vya kampuni moja inayosema chuma chake, na bei ya jumla iko chini kuliko ukivinunua kimoja kimoja. Piga hesabu palepale kwenye simu. Kama ni zawadi ya harusi naelewa boksi kubwa linapendeza kwenye picha, ila bibi harusi ndo atakayemenya.

6. Ukifika nyumbani

Ubao wa mbao ama plastiki. Kioo, marumaru, sahani, ama kukatia kwenye mfuniko wa sufuria, hivyo vinaua makali kwa siku moja. Uwe na ubao wa nyama mbichi na mwingine wa kachumbari, usichanganye.

Kabla ya matooke ama fenesi pakaza mafuta ya kupikia kidogo kwenye bapa na mikononi, utomvu hautashika. Ukishashika, mafuta kwanza halafu sabuni, maji peke yake yanausambaza tu. Osha kwa mkono, kausha saa hiyohiyo, usikiache kimelala kwenye beseni na vyombo vingine, kinaharibika na mwenzako ataingiza mkono asikione. Ile waya ya kusugulia masufuria usiipeleke karibu na makali.

Kile chuma kirefu cha kwenye seti hakinoi, kinanyoosha makali yaliyojikunja kidogo. Pitisha kisu mara chache kila upande kabla ya kupika, taratibu, hao wanaofanya kwa kasi ni maonyesho. Makali yakiisha kabisa ndo unatumia kinoo. Nunua cha pande mbili, 400 upande mmoja (ule wa kukwaruza) na 1000 upande mwingine (ule laini), ama tafuta chochote karibu na hapo. Kama ni cha maji kiloweke mpaka mapovu yaishe, kiweke juu ya kitambaa kilicholowa kisiteleze, inua mgongo wa kisu kidogo, ile digrii 20 ni chini ya robo ya pembe mraba, na ukokote bapa lote kwa pembe hiyohiyo bila kuibadilisha. Fanya upande mmoja mpaka usikie kwa kidole kaukingo kamejikunja upande wa pili, uelekeo wa kutoka mgongoni kuja makali usijikate, halafu geuza. Maliza kwa 1000. Siku huna kinoo geuza kikombe cha udongo, ile duara ya chini isiyo na rangi inanoa vizuri tu.

Wale wanaopita mitaani na cherehe la baiskeli ni msaada, ila mwambie asikandamize na awe anachovya kisu kwenye maji. Cheche nyingi zina maana joto nyingi, na ukiona ukingo umegeuka bluu ama kahawia, pale ugumu umetoka, makali hayatakaa tena mpaka sehemu hiyo isagwe yote iishe. Cha meno usimpe kabisa. Anza kumpa kile kisu kibovu kuliko vyote vya nyumbani, ukimaliza kukikagua ndo uamue kama unaleta kizuri.

Kuhusu kuvihifadhi, kisanduku kinapendeza ila matundu yake yanashika unyevu na mende wanayapenda, ukikitumia ingiza visu vikiwa vikavu. Kata boksi gumu la karatasi ulikunje utengeneze ala, funga kwa selotepu, weka juu watoto wasipofika. Kisu kikidondoka, rudisha miguu nyuma uache kianguke.